Aliyemwekea Mbwa Pamba Masikioni

Nyinyi mnaobaki kazini mmenicheka miaka mingi kwa jambo moja: mbwa akiwekwa mezani, kabla sijamgusa, mimi huinama nikamnusa. Mmoja wenu aliwahi kuniuliza kama nachagua nyama. Sasa nimestaafu, siwezi tena kumpangia mtu zamu mbaya kwa ajili ya mdomo wake, kwa hiyo nitamjibu kwa maandishi. Nitaeleza nilivyoanza, aliyenifundisha, na kile kisa cha Naguru ambacho mlikuwa mkiniomba wakati wa chai nami nikikikatiza kila mara, nasema kuna mgonjwa nje. Mara nyingi hakukuwa na mgonjwa.

Mimi ni mtu wa upande wa Kenya, karibu na mpaka wa Malaba. Nilikuja Kampala vita vilipokwisha, kuta za mji zikiwa bado na matundu ya risasi na sukari ikipangiwa foleni. Nilikuwa na cheti cha afya ya mifugo, na mifugo niliyoijua ni ng'ombe. Kliniki ya wakati ule ilikuwa Mengo, vyumba viwili nyuma ya fundi viatu. Mwenyewe alikuwa Daktari Lubega, Mganda mrefu wa maneno machache, miwani yake imefungwa kwa uzi uleule wa kushonea vidonda. Hakuwahi kulitamka jina langu sawasawa, maana r na l zilibadilishana mahali kinywani mwake. Mimi ni Rispa. Kwake nilikuwa Lispa hadi tulipomzika.

Siku ya kwanza nilivaa koti jeupe nililopiga pasi mara mbili, nikatarajia kupewa mnyama. Nikapewa kikapu cha chupa tupu.

"Fumba macho," akasema. "Nusa. Hii ni nini?"

Mafuta ya taa. Sabuni ya mche. Spiriti. Dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe. Nilikosea mbili nikarudia, nikakosea moja nikarudia. Mchana wote ukaisha hivyo, na fundi viatu akija mlangoni kuchungulia yule mwanamke Mkenya aliyesoma ili anuse chupa.

"Mgonjwa wetu hasemi, Lispa," Daktari alisema jioni. "Na mwenye mgonjwa anasema urongo. Pua yako ndiyo itakuwa shahidi."

Vifaa vyetu vilikuwa mkasi mmoja mzuri, mmoja mbaya, sindano za kioo tulizochemsha juu ya jiko la mafuta ya taa, na majerikeni ya manjano. Jerikeni ukilikata kitako na shingo, ukapasua ubavu, unapata kola ya kumzuia mbwa asijilambe. Siku hizi mnaletewa kola zinazong'aa kwenye pakiti. Zile zetu zilinukia mafuta ya kupikia na mbwa walizilamba, jambo lililopunguza kidogo faida yake.

Lazima mwelewe pia mbwa walivyotazamwa miaka ile. Wakati wa vita watu walikimbia, mbwa wakabaki, na hakuna aliyekuwa akiwapikia. Mmenielewa walikula nini. Mtu akipishana na mbwa mkubwa njiani alipiga hesabu ya umri wa mbwa kimyakimya, kisha akavuka upande wa pili. Waliothubutu kufuga walikuwa wachache, na waliowaleta kwetu walikuwa wachache zaidi, nao waliwaleta baada ya kuwatibu wenyewe. Kiroboto alitibiwa kwa oili chafu ya gari, kwa maji ya tumbaku, kwa mafuta ya taa. Karani mmoja mstaafu alituletea mbwa aliyepakwa oili mwili mzima, mweusi tii, ukucha hadi sikio, akatuuliza kwa nini mbwa wake hataki tena kuingia ndani. Mimi nilijua kwa nini mkewe hataki aingie. Tulimsugua siku nzima.

Kwa hiyo Mama Kerubo alipoingia na mbwa aliyefungwa kwenye shuka, nilidhani najua ninachokwenda kukiona.

Mama Kerubo alikuwa Mkenya mwenzangu, Mkisii, mfanyabiashara wa vyombo vya plastiki pale soko la Nakivubo. Mwanamke mnene, mwepesi, asiyependa kusubiri. Alimlaza mbwa mezani mwenyewe, akafunua shuka.

"Dada," akaniambia, "huyu anachunwa angali hai."

Alikuwa mbwa wa kahawia, mzee kiasi, mkubwa. Tangu kisogoni hadi kwenye mkia ngozi ya mgongo ilikuwa nyekundu, imevimba na kuchuruzika maji, manyoya yakitoka vishungi vishungi pamoja na ukoko. Pembeni wekundu ule ulishuka kwa michirizi, kama kitu kilichomiminwa. Mbwa hakulia. Alitazama mlango tu.

"Umempaka nini, nyabo?" Daktari aliuliza, akimwita mama kwa Kiganda.

"Sijampaka kitu. Sina hata nafasi ya kujipaka mwenyewe."

Daktari alichukua kichana, akapitisha mahali palipokuwa bado pazima, akatazama meno ya kichana kwenye mwanga wa dirisha. Akarudia shingoni, kwapani, chini ya mkia. Kisha akanipa kichana nitazame na mimi. Hakukuwa na kitu.

"Mbwa wa Kampara," alisema polepole, "asiye na kiroboto hata mmoja. Na mwenyewe hajampaka kitu."

Nikainama nikanusa. Ilikuwa dawa ya kupe wa ng'ombe, kali, ya kukwaruza koo. Daktari aliponiona nimekunja uso akaitikia kwa kichwa. Tulianza kumwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, maji mengi, tukimwaga na kurudia. Huo ndio mwanzo wa matibabu hata leo: toa sumu kwanza, dawa baadaye. Nilipofika kichwani nikaona kitu cheupe ndani ya sikio. Nikakivuta kwa koleo. Kilikuwa kidonge cha pamba, kimeviringwa vizuri. Sikio la pili nalo lilikuwa na chake. Na kuzunguka macho yote mawili alikuwa amepakwa mafuta ya mgando, kwa uangalifu, jinsi mama anavyompaka mtoto.

Mnajua wenyewe, hivyo ndivyo mbwa anavyotayarishwa ili dawa isimwingie masikioni wala machoni. Ni wachache waliojua jambo hilo mjini wakati ule. Daktari alikishika kile kidonge cha pamba kwa muda mrefu.

"Adui haweki pamba masikioni," akasema.

Mama Kerubo hakuipenda sauti aliyolisemea neno hilo, na mimi pia sikuipenda. Tulimuuliza habari za mbwa. Akasema hajui hata jina lake. Yeye anamwita Simba, mbwa haitiki. Mbwa alikuja pamoja na nyumba. Dalali mmoja alimpangishia nyumba juu ya kilima cha Naguru, nyumba nzuri ya zamani yenye uwanja nyuma, akasema ni ya ndugu yake aliye ng'ambo. Siku ya kuhamia walimkuta mbwa ameketi mlango wa jikoni. Hakubweka wala hakukimbia. Aliwatazama wakiingiza vitanda kama mtu anayewatazama wageni, akijua wataondoka.

"Na anayemwogesha?"

"Askari wangu, nadhani. Kila nikitoka sokoni Jumamosi namkuta amelowa, ananukia usafi. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa askari mwenye bidii."

Tulikaa na mbwa hadi ngozi ikafunga, tukamrudisha. Baada ya Jumamosi moja tu Mama Kerubo akarudi naye, hali mbaya kuliko mwanzo. Safari hii alikuja na askari mwenyewe, Mzee Ochan, mtu wa kaskazini, mwembamba, aliyewahi kuvaa sare na bado anasimama kana kwamba anakaguliwa.

"Mimi hapana ogesha mbwa," alituambia. "Mimi nadhani ni Mama naogesha. Mimi iko kwa geti. Hata paka hapana pita bila mimi kuona."

"Na mbwa habweki?" niliuliza.

"Hapana bweka. Ile siku yote kimya."

Mama Kerubo aligeuka ukutani. Sokoni walikwisha kumwambia kwamba nyumba za kilima kile zina wenyewe, na wenyewe hawakuhama, walitolewa. Alikuwa ameanza kulala na Biblia chini ya mto. Hivi kumbe miezi yote ile kila mtu nyumbani alidhani mwenzake ndiye anayemwogesha mbwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona mbwa akiogeshwa.

"Ochan," alisema bila kumtazama, "ama ni wewe, ama ni shetani. Na shetani siwezi kumfukuza kazi."

Mzee Ochan alisimama wima zaidi. Alikuwa na watu wanaomtegemea huko kwao.

Mara ya tatu mbwa alifika akitetemeka miguu yote, povu mdomoni, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano. Hiyo si ngozi tena. Hiyo ni sumu imekwisha kuingia damuni. Daktari alimdunga sindano ya atropini, akakaa naye sakafuni mkono juu ya mbavu, akihesabu moyo, hadi mtetemo ukapungua. Alipoinuka magoti yalimlia.

"Mara ya nne tutamzika," akasema. "Lispa, Jumamosi utampereka nyumbani. Utakaa. Ukiona maji yanamwagwa, unazuia. Ni hivyo tu."

Ni hivyo tu. Daktari alikuwa na tabia ya kuzifanya fupi kazi asizokwenda kuzifanya yeye.

Jumamosi ilikuwa ya jua kali. Mama Kerubo aliondoka kwenda Nakivubo kama kawaida yake, mimi nikabaki jikoni, nyuma ya pazia la dirisha linalotazama uwanja wa nyuma. Mbwa nilimwacha nje, kola yake ya jerikeni shingoni, kivulini kwa ukuta. Upande wa pili wa uwanja kulikuwa na chumba cha mtumishi kisichotumika, na kando yake kigeti kidogo cha chuma kilichofunikwa na mmea wa mtambaa. Mama Kerubo aliniambia kimeshikwa na kutu tangu vita, hata ufunguo wake haukupatikana. Kati ya nyumba na chumba kile palikuwa na bomba na kisakafu cha saruji.

Kilima kilikuwa kimya. Sauti za mji chini zilifika kama zinapitia kwenye blanketi. Nilikula muhogo wangu, nikawaza kwamba niliacha ng'ombe kwetu, viumbe wenye akili, ili nije kulinda bomba.

Mbwa akainuka. Hakutega masikio, hakunusa hewa. Aliinuka tu kama mtu aliyeitwa kwa wakati wake, akatembea hadi kwenye kisakafu, akasimama katikati, akainua kidevu.

Ndipo kigeti kikafunguka. Hakikulia hata kidogo. Bawaba zilikuwa zimepakwa mafuta.

Aliyeingia alikuwa mzee, mdogo wa umbo, amevaa sare ya kaki ya mtumishi wa nyumbani, vifungo vyote hadi shingoni. Sare ilikuwa imechakaa hadi uzi, lakini imepigwa pasi, mstari wa suruali umesimama. Alibeba ndoo, na ndani ya ndoo chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi. Akafunga kigeti nyuma yake kwa ufunguo. Akaichukua ile kola ya jerikeni, akaitazama bila mshangao, akaivua na kuiweka pembeni. Akatoa pamba mfukoni, akaanza kuiviringa.

"Waziri," alimwambia mbwa kwa upole. "Waziri, simama muzuri."

Na yule mbwa, ambaye kwa miezi hakuitika jina lolote, akatikisa mkia.

Nilipaswa kutoka wakati ule. Nilibaki nimeshika pazia. Mzee alimaliza masikio, akapaka macho mafuta, akajaza ndoo kwenye bomba, akaifungua chupa. Akatoa mfukoni kifuniko cha chupa ya zamani, akapima kimoja, cha pili, na cha tatu. Harufu ikanifikia mpaka jikoni. Kisha akanyanyuka, akaufuta mkono kwenye suruali, akageuka moja kwa moja kwenye dirisha nililokuwa nyuma ya pazia lake.

"Madamu," akasema, "maji iko tayari. Nianze?"

Akangoja. Hakuwa ananitafuta. Alikuwa akingoja jinsi mtumishi anavyongoja jibu alilozoea kulipata dirishani pale, na baada ya kungoja huko, nadhani kila wiki, huwa analisikia, kisha anaanza. Nilimwona anatingisha kichwa kidogo, kama mtu aliyejibiwa. Akainama kuishika ndoo.

"Leo usimwogeshe," nilisema.

Mkono wake ukasimama juu ya mpini. Mbwa akanitazama dirishani, kisha akamtazama yeye.

"Leo ni posho, Madamu," akasema taratibu. Watu wa Kongo huiita hivyo Jumamosi, siku ya posho.

"Najua. Lakini apumzike leo. Mgongo wake unauma."

Alifikiri. Jasho lilikuwa likimtiririka usoni hata akiwa kivulini.

"Sauti yenu imebadirika," akasema. "Mulisafiri mbari?"

Nilifungua mlango wa jikoni nikatoka, koti jeupe mwilini, nikasimama juani ili anione vizuri. Aliniona. Akatazama nyuma yangu, ndani ya mlango, akitafuta mtu mwingine, kisha akanirudia. Uso wake haukuogopa wala kukasirika. Ulikuwa wa mtu anayejitahidi kusoma maandishi yaliyofifia.

"Mimi ni musawo, tabibu wa mbwa, mzee," nikamwambia. "Naomba hiyo ndoo."

Akanipa bila ubishi. Na aliponipa niliiona mikono yake. Ilikuwa mgongo wa yule mbwa. Kutoka vidoleni hadi kwenye viwiko, nyekundu, imepasuka, ngozi inaning'inia, kucha nyingine hazipo. Alikuwa akiichovya kwenye dawa ileile kila juma, na hakuonekana kujua kwamba inauma. Nilimshika kiwiko, nikampeleka kwenye bomba, nikafungua maji nikaanza kumwosha, maji mengi, nikimwaga na kurudia. Midomo yake ilikuwa inacheza. Mboni zake zilikuwa ndogo kama za mbwa siku ile ya tatu. Waziri alikuja akaketi kwenye kisakafu, akaegemeza ubavu kwenye mguu wa mzee, na tukakaa hivyo, sote watatu tumelowa, hadi Mzee Ochan alipokuja kuona maji yaliyokuwa yakipita kuelekea getini.

Ochan alitazama kigeti, akatazama mtu, akaona sare.

"Huyu nabeba maji hapa kilima," akasema kwa mshangao. "Kila siku napita mbele yangu. Naitwa Kambale. Hapana sema na mtu."

Daktari alikuja jioni, na Mama Kerubo akarudi kutoka sokoni. Alisimama uwanjani na mkoba wake, akauona ufunguo kwenye tundu la kigeti. Nilidhani atapiga kelele. Ochan alitaka waite polisi, ambao hawakuwa mbali.

"Amekuwa na ufunguo wa nyumba yangu wakati wote huu," alisema Mama Kerubo. Akaketi kwenye ngazi. "Na hajachukua hata kijiko." Akamgeukia askari wake. "Ochan, nisamehe. Wewe Daktari, huyu atapona?"

Daktari alinusa chupa, akaipitisha kwenye mwanga. Akamuuliza mzee maswali mawili matatu, ndipo akatueleza yaliyotokea. Mzee alikuwa na dawa ya zamani tangu kabla ya vita, nyepesi, ya vifuniko vitatu kwa ndoo. Ilipokwisha akanunua Nakivubo, chupa ya soda isiyo na karatasi, na siku hizi wanauza aina nyingine, ambayo kifuniko kimoja kingetosha pipa. Dawa imebadilika, kipimo kikabaki kilekile. Kisha yanayobaki kwenye ndoo akajimwagia mwenyewe ili yasipotee, maana chumba alicholala, ndani ya gofu lililo nyuma ya ukuta, kilikuwa na chawa.

"Lakini kichwa," nilimuuliza Daktari pembeni. "Kuongea na dirisha. Ni dawa?"

"Sijui, Lispa. Ni dawa, ni njaa, ni vita. Pengine vyote."

Mama Kerubo aliwasha pikapu yake, akatupeleka hospitali. Mzee alikaa mbele. Njiani aliuliza mara moja tu kama Madamu ameruhusu.

Niliendelea kumtembelea nikitoka kazini, kwanza kwa ajili ya mikono, baadaye kwa sababu nilizoea. Walimpa dawa, walimlisha, akalala chumba kimoja na watu wanaozungumza. Mikono ikafunga. Macho yakafunguka. Mgongo wa Waziri nao ukaota manyoya, mafupi na meupe kidogo kuliko ya zamani, kama ilivyo kwa ngozi iliyoungua. Nikamletea Kambale habari hizo, nikiwa na furaha ya kazi iliyokwenda vizuri. Nikamkuta ameketi kitandani, mikono juu ya magoti, akinitazama, na safari hii alikuwa ananiona mimi.

"Wewe ni wa mbwa," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Walikufa," akasema. "Bwana, na Madamu, na ile kijana yao. Watu ya bunduki walikuja na lori. Madamu aliniambia, Kambale, muogeshe Waziri, tunarudi jioni. Mi niliona lori imeshuka. Na nilisikia, huko chini. Mi nilisikia." Akaitazama mikono yake. "Nikamuogesha Waziri."

Nilimshika bega. Nikasema la kijinga, kwamba sasa amepona.

Hakuwa na hasira aliponijibu.

"Kule nilikuwa, wao walikuwa wanarudi jioni. Ninyi mumenileta huku hawarudi."

Nimewahi kupoteza wagonjwa wengi, mnawajua baadhi yao. Hakuna aliyenifuata nyumbani kama yule niliyemponya. Kwa majuma mengi nilishika mkasi nikimwona. Nilimwambia Daktari. Aliendelea kuchemsha sindano zake, akaniambia kazi yetu ni kutoa sumu, na hatukuahidi mtu yeyote kwamba atakachokiona ikitoka kitakuwa kizuri.

Mama Kerubo alimpa Kambale kile chumba cha mtumishi. Hakuwa mtumishi wake. Alisema tu chumba kiko wazi na mtu yupo. Mzee aling'oa mtambaa kwenye kigeti, akapalilia, akakaa juani na mbwa. Kumwogesha hakumwogesha tena. Kazi hiyo niliifanya mimi, kwa dawa iliyopimwa, kila nilipoweza kupanda kilima, na yeye akiingia ndani na kufunga mlango hadi nimalize.

Mwaka mwingine ulipita. Kisha siku moja nikiwa pale na ndoo yangu, Ochan akaja na msichana mrefu aliyevaa gauni la safari. Jina lake Edisa. Alikuwa binti wa nyumba ile, aliyekuwa shule ya bweni Kenya watu wake walipochukuliwa. Alikuwa ameuliza kila mahali panapoulizwa. Kila ofisi ilimwambia wazazi wake walisafiri, au walihama, au majina hayo hayajulikani. Kuhusu nyumba yeye na Mama Kerubo walipatana baadaye, kwa wema. Mama Kerubo alibaki mpangaji, safari hii wa mwenye nyumba wa kweli, na dalali hakuonekana tena Nakivubo. Lakini siku ile hakuna aliyezungumzia nyumba.

Msichana alimwona mzee kwenye kiti chake. Akasimama. "Kambale?"

Mzee alinyanyuka, akafunga kifungo cha shingoni. Nilitaka kuondoka, akanionyesha kwa mkono nikae. Akamweleza. Alimweleza yote, lori, saa ya mchana, barabara waliyoshukia, alichokisikia, bila kuongeza wala kupunguza, sauti yake imenyooka kama ya mtu aliyelala na maneno hayo muda mrefu. Mimi nilijifanya nasugua mbwa. Mama Kerubo alikuwa amesimama mlangoni na kanga mdomoni.

Edisa hakulia. Aliketi chini kwenye kisakafu kilicholowa, na gauni lake lile, akasema amekuwa na swali moja miaka yote, maana hawezi kuwaona kichwani walivyotoka, na hakuna mtu wa kumwuliza.

"Walikuwa wamevaa nini?"

Mzee alifumba macho. "Baba yako, shati ya bluu, ya mikono mifupi, suruali ya kijivu. Kaka yako, fulana ya shule, ile ya kukimbilia. Mama yako, gauni ya manjano yenye maua madogo, na kitambaa cheupe kichwani."

"Na viatu? Mama alikuwa na viatu gani?"

Nilimwona mzee anamtazama msichana, anapima kama aliseme.

"Hakuvaa viatu," akasema Kambale. "Mi nilimletea vile vyeusi, akakataa. Akasema, si mbali, tunarudi jioni. Alienda na kandambili, zile sapatu zake za jikoni."